Edina Anayeomba Kurudishiwa Vifaranga Vyake

Saa moja na nusu asubuhi, Chimwaga, Edina Chilongani amesimama kando ya njia ya wanafunzi wa chuo kikuu, kikapu mkononi. Haiti wateja. Anaangalia vifua na mabegi ya wanaopita, na akiliona pambo la sufu alilouza yeye, anamsogelea mwenye nalo.

"Shikamoo mama," anasema binti aliyebandika kishada cha zabibu kwenye begi.

"Marahaba mwanangu. Hicho naomba unirudishie, nikupe kingine."

"Mbona bado kizima tu?"

"Kina dawa. Kosa ni langu."

Binti anakibandua, anampa. Edina anakitia kwenye kopo lenye kifuniko, wote wawili wananawa kwa maji ya chupa. Ni cha sitini na moja. Bado ishirini na tano.

Edina, mjane wa miaka hamsini na mbili, anaishi Miyuji. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akifumua sweta za mitumba na kuvuta uzi wa sufu kupitia gunia la katani, kitanzi baada ya kitanzi, kwa ndoano aliyochongewa kutoka spoki ya baiskeli. Magunia huyafuata sokoni Kibaigwa. Vitanzi vikibanana hutokea kifaranga, kanga au kishada cha zabibu, kisha nyuma hushona pini. Kimoja shilingi elfu tatu, na kwa hizo alimsomesha binti yake, Anjelina.

Msimu wa mvua uliopita wadudu walimlia sufu karibu yote. Akafanya kile ambacho mkulima yeyote wa huku hufanya gunia lake likianza kutobolewa. Alichukua dawa ya vumbi ya kuhifadhia mahindi, akainyunyizia sufu.

"Mahindi tunayatia dawa hiyohiyo, tunayaosha, tunakula," anasema. "Sasa sufu, ambayo hailiwi, nikaona itamdhuru nani?"

Jenifa, mtoto wa Anjelina, alikuwa na miezi kumi. Bibi yake alimpa kifaranga cha njano achezee, akakinyonya kutwa nzima. Jioni alikuwa anatoka povu. Siku ya tatu alifariki.

"Muuguzi aliuliza mtoto ameshika nini. Nikamtoa yule kifaranga kwenye pindo la kanga yangu. Nilitamani ardhi inimeze."

Anjelina hajamlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linalomkondesha mama yake. Wanakula sahani moja.

Wiki moja baada ya mazishi Edina alifukia sufu yote iliyobaki, akaanza upya na sweta alizofua mwenyewe. Vingine vyote alivyouza tangu siku ile ya dawa anavikumbuka kwa rangi. Viongozi wa wanafunzi wamemsaidia kubandika matangazo, lakini Ijumaa chuo kinafungwa, na wanafunzi watatawanyika nchi nzima.

Anayemnyima usingizi ni kijana mmoja, Sila. Alinunua kifaranga cha njano akasema anampelekea mtoto wa dada yake, Kibondo. Edina hakuomba namba ya simu. Hajui hata anasoma nini.

"Nitasimama hapa mpaka nimwone. Nisipomwona, Jumamosi napanda basi la Kibondo, nitaulizia nyumba kwa nyumba."

Anafunua kikapu. Chini kabisa, kwenye karatasi safi, yumo kifaranga mpya, hana pini.

"Huyu ni wa yule mtoto. Nimemwosha mara tatu, na jana nikamtia mdomoni mwangu, nikalala naye mpaka asubuhi."