Nafasi kwenye Benchi

Juzi, katika kituo kimoja cha afya hapa Kamina, kijana alimwambia muuguzi kwamba halali tena na kuishi kumemchosha.

Muuguzi hakuinua macho kutoka kwenye fishi, kadi ya mgonjwa. "Garde-malade wako, mwenye kukutunza, iko wapi? Hatupokei mugonjwa bila mutu wa famille."

"Famille ilinifukuza, juu ninapenda mwanaume. Ule mwanaume njo ananitunza. Iko inje, anaogopa kuingia."

Kalamu ilisimama. Sisi tuliokuwa tukisubiri kwenye benchi tuligeukia mlango.

Mama mmoja wa kanisa, kitenge cha kwaya kiunoni, alisema polepole: "Mumuite. Garde-malade njo ule mwenye kukuya na mugonjwa."

Nafasi ilibaki moja tu, na ilikaliwa na mfuko wangu, mimi ninayewaandikia ninyi wasomaji kila juma habari za huruma. Mama aliuinua mwenyewe, akaniwekea magotini.