Gari Linalofikiria Kwanza

Wacha niseme ukweli kabla sijaanza kujipamba: nilimwonea ndugu yangu wivu. Si ule wivu mdogo wa kuchekewa. Huu ulikuwa unanifuata hata nikinywa chai nyumbani kwangu, mlango umefungwa, na hakuna mtu aliyenikosea.

Yeye ndiye kitinda mimba. Kwetu Wakipsigis kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya mama, na mimi mzaliwa wa kwanza nilipooa nilipewa kipande changu ng'ambo ya shamba la majani chai, nikajenga huko. Hilo sikuwahi kulalamikia, ndiyo desturi. Lakini gari? Ni desturi gani inayosema kitinda mimba apate hata gari linaloruka?

Na mimi ndiye niliyetangulia kununua. Yeye aliliona langu, akalizunguka mara mbili, akapiga teke tairi, na baada ya miezi michache akaja na lake: aina ileile, rangi ileile nyeupe, hata viti vilifanana. Ukiyaweka pamoja mbele ya nyumba ya mama, mgeni hangejua la nani ni lipi. Mpaka uyawashe. Lake ukigusa mafuta tu, limeondoka. Langu nikikanyaga, lilinguruma, likatulia, halafu ndipo likakumbuka kwamba limetumwa mahali. Ule mlima wa kutoka kituo cha kununua majani hadi kwenye lami, ndugu yangu aliupanda akipiga stori na kucheka. Mimi niliupanda nimeinama juu ya usukani, nikilisukuma kwa kifua.

Aliyenimaliza kabisa ni mama. Jumapili moja nilimbeba kutoka kanisani, na tulipofika katikati ya mlima, lori la majani likitukaribia kwa nyuma na honi juu, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Hii gari yako inafikiria kwanza," akasema. "Ile ya kijana haifikirii."

Kijana! Mtu ana miaka arobaini na kichwa kimeanza kung'aa, bado ni kijana. Tulipofika nyumbani nilifunga mlango wa gari kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika.

Ningevumilia hayo yote kama si koito. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepata msichana wa Chebunyo, kule chini kwa wafugaji, na siku ikawekwa ya sisi kwenda kwao na wazee kuongea mambo ya mahari. Kwa siku kama hiyo watu wa upande wa msichana husimama langoni wakitazama ni nani anashuka gari gani. Mama ndiye kogo, bibi wa bwana harusi, na kiti chake ni cha mbele. Mtoto ni wangu. Koito ni yangu. Nilitaka mama ashuke kwenye gari langu, basi. Nikaenda kumwambia.

"Aa, nitaenda na kijana," akasema, akiendelea kuchambua mboga. "Ile milima ya huko siwezi kwenda nikiomba Mungu njia yote."

Ai! Nilirudi kwangu nimewaka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikamwambia mke wangu kwamba kabla ya siku hiyo gari hilo litaruka, hata kama italazimu nilifungue lote na kulitandaza kwenye nyasi.

Sikwenda kwa fundi. Mafundi wa hapa kwetu Roret wote wanamjua ndugu yangu, na kabla ya jioni angeambiwa kwamba nashindana naye. Nilitazama video kwenye simu, nikanunua dawa ya kupuliza ya kusafishia, na Jumamosi asubuhi, baada ya kupeleka majani, nikafungua boneti.

Nilianza na chujio la hewa. Nililigonga kwenye jiwe na vumbi jekundu la barabara ya murram likatoka hadi nikapiga chafya. Nikaweka jipya. Halafu nikafuata bomba la hewa hadi kwenye throto, pale penye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili injini ipumue. Kilikuwa kimeganda uchafu mweusi. Nilikisugua kwa mswaki wa zamani polepole hadi kikang'aa. Nikabadilisha plagi. Nikawasha, nikaenda hadi kwenye lami, na nikasikia tofauti kidogo. Kidogo tu! Gari lilikuwa bado linafikiria, ila sasa lilifikiria likiwa safi.

Jumamosi ya pili nikashuku waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali hadi kwenye throto. Labda umelegea. Nikamwita mke wangu akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, mimi nikainama kwenye boneti kukitazama kisahani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Kisahani kikafunguka nusu.

"Nimesema kanyaga, si kupapasa!"

"Nimefika mwisho, wewe!"

"Mwisho gani? Kanyaga yote!"

"Kwani unataka nitoboe gari?" akafoka. Kisha nikamwona akiinama. "Baba watoto, hebu kuja uone hapa chini. Umetandika nini?"

Nilikuwa nimetandika kila kitu. Ukitoka kwenye majani asubuhi, gambuti zimejaa tope, na mimi sitaki gari langu lichafuke. Basi kwanza niliweka katoni. Ilipolowa, nikaweka gunia juu yake. Halafu raba. Halafu kipande cha zulia lililobaki tulipotandika sebule, zulia nene haswa, na chini yake gunia la pili ili lisiteleze. Pedali ya mafuta ilikuwa inagonga zulia kabla haijafika nusu ya safari yake. Miaka miwili nilikuwa naendesha nusu gari.

Mke wangu alicheka hadi akashuka akakaa kwenye nyasi. Mimi sikucheka. Nilivuta takataka zote nje, nikamwambia akanyage tena, na kisahani kikalala wazi kabisa.

Jioni hiyo nilipanda ule mlima na gari likanirusha nyuma kwenye kiti. Haki ya Mungu nilipiga kelele peke yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikambeba hadi sokoni na kurudi, na mahali pa kupanda nilipanda.

"Imekuwa nzuri sana," akasema akishuka.

"Basi tutaenda pamoja Chebunyo."

"Woiye, nimeshaambia kijana. Amefurahi hata amenunua kitambaa cha kiti."

Hapo ndipo roho mbaya iliniingia, na sitasingizia shetani, ilikuwa yangu. Nilirudi nyumbani nikalitazama lile zulia kwenye nyasi. Nikaliosha. Nikalianika siku mbili. Nikampelekea fundi wa nguo alikate vizuri na kulishona kingo kwa uzi wa buluu, na chini nikamwambia ashonee gunia lililokunjwa mara mbili. Nililijaribu kwanza kwenye gari langu, nikahakikisha pedali ya breki iko huru na ya mafuta haikwami, inafupishiwa safari tu. Ona vile nilikuwa makini. Kisha nikampelekea ndugu yangu.

"Ni ya siku ya koito," nikamwambia. "Huko kuna vumbi, usije ukachafua gari ukiwa na mama."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akalipapasa zile kingo za buluu, akanitazama, akalitandika palepale huku mimi nimesimama. "Asante, ndugu yangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikaondoka haraka.

Siku ya koito tuliondoka asubuhi magari manne. Mama alikuwa mbele kwa ndugu yangu, na kitambaa kipya kwenye kiti. Tulipoacha lami mvua ya usiku ilikuwa imefanya murram utelezi, na kwenye kilima kimoja kirefu niliona gari lake likipunguza, likipunguza, likilia bila kwenda. Wanawake wawili waliokuwa nyuma wakashuka kusukuma na nguo zao nzuri. Nikalipita. Nikasimama juu, nikarudi kwa miguu nimejaza tabasamu, nikamfungulia mama mlango.

"Kuja kwangu, mama. Hii haiwezi."

Akaja. Tukaingia lango la wenyewe mama akiwa kiti cha mbele, wanawake wa huko wakiimba, na kila mtu akaona. Nilichotaka nilikipata chote, hakuna kilichopungua. Ndugu yangu aliingia wa mwisho, suruali ikiwa na tope hadi magotini.

Baada ya maongezi kwisha na mursik, yale maziwa ya kibuyu, kunywewa, nilikuwa nimesimama nyuma ya magari. Mjomba wa msichana, mtu anayejua magari, alikuwa ameinama kwenye mlango wa ndugu yangu, na hawakuniona.

"Shida ni hili zulia," mjomba akasema. "Linazuia mafuta. Toa, utaona."

"Najua," ndugu yangu akajibu. "Nilijua siku ya pili tu."

"Sasa mbona hutoi?"

"Nilipewa na ndugu yangu mkubwa." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Huyo mtu tangu nizaliwe hajawahi kunipa kitu. Nikitoa, na akipita aone haliko, atadhani nimekataa mkono wake. Acha tu. Tutafika."

Mjomba akainuka, akalizunguka gari, akaniona. Ndugu yangu naye akageuka. Nilichosema ni kwamba jua linazama, twende.

Mama hakuulizwa mara hii. Alikwenda mwenyewe kwenye gari langu, akakaa mbele, akafunga mkanda. Nikamwacha ndugu yangu atangulie. Kuanzia Chebunyo barabara ni ya kupanda karibu yote hadi uone majani chai, na kwenye kila kilima gari lake lilikuwa likilia mbele yangu, mimi nikiwa nyuma na mguu umegusa mafuta kidogo tu.

"Si umesema yako sasa ina nguvu?" mama akasema. "Mpite, tufike."

Sikumpita.