Tata Alipoonja Wimbo

Juzi mjukuu wangu alivua hedifoni akaninyooshea. "Bibi, sikiliza wimbo huu." Nikamuuliza kama ameshauonja mwenyewe.

Kwetu Kaagya mwenye nyumba ndiye aliyeonja rubisi kwanza, ili wageni wajue pombe yake haina sumu. Basi nilipokuwa mtoto mdogo, baba yangu, Tata, alipoleta gramafoni kutoka Bukoba mjini, shangazi alimwambia, "Onja kwanza, kaka." Majirani walicheka, wakinukia moshi na ndizi mbivu. Mimi sikucheka.

Tata alizungusha mkono wa gramafoni mara chache tu, akainamisha sikio. Mwanamke akaanza kuimba vizuri, halafu sauti ikawa nzito, ikavutika, ikakoroma kama ya mtu anayekata roho. Tata akafumba macho.

"Tata, tema!" nilipiga kelele. "Tema!"

Alizungusha tena kwa nguvu, yule mwanamke akafufuka. "Mtamu huu," Tata akasema. "Karibuni."

Majirani wakasogea. Shangazi akawazuia. "Ngojeni kidogo, tumtazame."

Mjukuu wangu aliapa kwamba anausikiliza wimbo ule tangu asubuhi. Nilimkagua macho kwanza, ndipo nikapokea.