Kipande Kilichobaki Nyumbani

Maisha yangu yote nimepakia mashua. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike aliponiambia kwamba hata programu ya telefoni inapakiwa, nilivuta kiti.

"Koko, iko njia mbili," alisema. Koko ni mimi, babu yake. "Ya kwanza, ukifungua programu, inaita vipande vyake vyote palepale, hata vile hautatumia. Ya pili, inaamuka peke yake, na kila kipande kinaitwa saa ile unakihitaji."

"Ile ya pili ni muvivu."

"Hata sisi tunaiita vile, Koko. Muvivu."

Shule nilikaa miaka mitatu, na ule wa tatu niliumaliza zaidi mtoni kuliko darasani, lakini hapo nilielewa kabla chai haijapoa. Niliwahi kufanya kazi na mpishi mmoja wa mashua, mtu wa Opala, aliyetoa vyombo vyote kabla ya kuwasha moto: sufuria, miiko, chumvi, hata mafuta ya mawese siku ambayo hakuna cha kukaangwa. Tulikula saa kumi. Marehemu mke wangu yeye aliwasha moto kwanza, chumvi akaitafuta kwa jirani mboga ikichemka. Tulikula mapema, ila siku ambayo jirani hayupo tulikula hivyohivyo, bila chumvi. Bon, turudi mashuani.

Mjukuu wangu alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta na anakaa nyumbani, mwaka wa pili sasa, akikaanga mikate na mama yake. Mwenye mashua tatu ninakofanya kazi alikubali ajaribu programu ya kuandika abiria: jina, anakoshuka, mizigo yake. Pale Yanonge, bandari ya njiani, ajenti wa serikali hudai orodha, na bila orodha mashua haiendelei.

"Safari moja," mwenye mashua alimwambia. "Ikienda muzuri, itakuwa ku mashua zote. Ikiharibika, tunarudia cahier, daftari letu la zamani."

Programu ya kwanza ilikuwa ile inayoita vyote mwanzoni. Telefoni ya kapiteni ni mzee kama mimi, kioo kimepasuka. Tulipoijaribu bandarini ikakaa inazungusha kaduara kake, na wamama wa biashara wamesimama na mabeseni kichwani.

"Papa kapiteni," mmoja aliuliza, mwanamke mnene wa kuuza chumvi, "ile telefoni iko inapika madesu?"

Madesu ni maharagwe, na ya huku kwetu hayaivi haraka. Watu wakacheka mpaka kwenye mitumbwi. Mjukuu wangu hakucheka. Akarudi nyumbani, akaigeuza ikawa mvivu, na asubuhi ya safari akaihamisha kwa waya kutoka kompyuta yake kwenda telefoni ya kapiteni. Sasa ikafunguka kabla hujamaliza kusalimia mbote. Akaandika abiria wote mbiombio, akapanda na sisi.

Mimi nina desturi niliyoachiwa na tonton, mjomba wangu, aliyenifundisha kazi: kabla ya kufungua kamba ninapita mashua nzima na kugusa kila kitu kwa mkono. Upondo, pampu, turubai, bidoni la mafuta, pini ya akiba ya propela. Kuangalia tu hakutoshi. Tonton aliwahi kuangalia bidoni akaona limejaa, na kweli lilijaa, ila maji. Siku ile niligusa vyote isipokuwa telefoni. Niliiona inawaka vizuri, nikapita.

Yanonge, ajenti akaja na mwavuli wake. "Liste."

Kapiteni akabonyeza. Telefoni ikaandika kwamba kipande cha kutengeneza orodha hakipatikani. Mjukuu wangu akaichukua, akabonyeza tena, halafu akakaa juu ya gunia.

"Nilikisahau, Koko. Kimebaki ku kompyuta, nyumbani."

Ile programu ya kwanza ingekataa kufunguka palepale bandarini, tungeitukana, naye angekimbia kukichukua, maana nyumba iko karibu. Hii mvivu haikusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekiita kile kipande. Tulipokiita, Kisangani ilikuwa mbali nyuma yetu.

"Bila liste, mutalala hapa," ajenti alisema, bila ukali.

Soko la Isangi, tulikokuwa tunaenda, lilikuwa kesho yake asubuhi. Mama wa chumvi akamtazama mjukuu wangu. "Leo haipike tena. Imezima moto."

Majina lakini yalikuwamo telefonini, moja moja. Nikamwambia mjukuu, "Fungua mutu wa kwanza, mama. Mimi nitamugusa." Mama wa chumvi mwenyewe akatoa daftari lake. Mjukuu akasoma jina, nikatafuta mtu, nikamgusa bega, mama wa chumvi akaandika. Mwishoni tukabaki na bega moja lisilo na jina: kijana mmoja aliyepanda kwa siri, amelala kati ya magunia, hajaandikwa popote. Tukamwandika naye. Ajenti alicheka mpaka akafunga mwavuli. Akatia sahihi, tukaondoka jua likingali juu.

Tuliporudi, mjukuu alimweleza mwenye mashua kabla kapiteni hajafungua mdomo. "Kosa ni yangu. Niliangalia ilifunguka, nikaamini."

"Nilisema safari moja."

"Ndiyo, papa. Lakini nimeongeza kitufe. Kinaitwa Gusa. Bandarini, mbele ya kufungua kamba, kinaita vipande vyote. Kimoja kikikosa, inakataa. Njiani inabaki muvivu."

Mwenye mashua akanigeukia mimi, nisiyejua hata kuandika ujumbe. "Muzee, unaona namna gani?"

"Ingekuwa na kile kitufe, tungekosea hapa bandarini, si kule."

Akafikiri. "Haya, safari moja ingine. Ya mwisho."

Safari hiyo kapiteni akabonyeza Gusa nami nikaanza kupita kutoka mbele. Upondo, pampu, turubai, bidoni. Telefoni ikamaliza, vipande vyote vipo. Mimi bado. Pini ya akiba haikuwa mahali pake, nikapiga magoti kuitafuta chini ya mbao, na abiria wote wananingoja.

"Papa," mama wa chumvi akaniita kutoka nyuma, "sasa wewe ndiye unapika madesu?"

Nikaipata, nikaigusa, kamba ikafunguliwa. Yanonge orodha ilitoka ajenti akiwa bado anashuka ukingo. Leo programu iko kwenye mashua zote tatu, na mikate mama yake anaikaanga peke yake.