Damu Niliyomsingizia Ng'ombe

Nimeuza nyama Dagoretti miaka ishirini na mbili, na shule niliachia darasa la nne. Hakuna kitu cha kunishangaza. Juzi lori liligonga pikapu yangu ya nyama pale Riruta. Nikashuka nimelowa damu usoni, watu wakataka kunikimbiza hospitali.

"Tulieni," nikawaambia. "Hii ni ya ng'ombe. Mimi naijua kwa rangi."

Nikaendelea na safari ya mjini kupeleka nyama. Kila nikipangusa uso, damu inakuja nyingine. Nikajisemea huyu ng'ombe alikuwa na afya kweli.

Mteja wangu, Mama Zuhura mwenye hoteli, alinitazama, akazunguka nyuma ya gari, akarudi.

"Baba Kevo, nyama iko kwa sanduku la chuma, na umelipiga kufuli. Damu imepitia wapi ikafika kichwani mwako?"

Niligeuka kulikagua lile kufuli, nikaanguka juu ya gunia lake la vitunguu.

Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, ningezikwa. Kupigwa picha ya kichwa, kuongezwa damu na kushonwa nyuzi kumi na moja: shilingi elfu kumi na nane, mia tatu na hamsini.