Kaka na Sakafu ya Mama

Kaka yangu hakuingia mlango wowote bila kwanza kutazama chini. Iwe nyumba, duka, ofisi au choo, alifika kizingitini, akashusha macho sakafuni kwa kitambo, ndipo akanyanyua mguu. Alikuwa ameondoka kwetu akiwa kijana wa kuingia kila mahali kwa kishindo. Alirudi baada ya miaka mingi akiwa na mke wa huko ng'ambo, watoto wawili, masanduku yaliyofungwa kwa kamba, na tabia hiyo.

Siku waliyofika tulikuwa tumejipanga sebuleni kwa Mama kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Wifi aliingia wa kwanza, akamkumbatia kila aliyekuwa mbele yake, pamoja na fundi wa mapazia ambaye alikuwa hajamaliza kazi. Watoto wakafuata. Kaka alibaki mlangoni, akaitazama sakafu ya mama yake. Mama naye akaitazama, kutafuta alichokiona mwanawe.

Maandalizi tuliyafanya mapema. Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yetu, mtu ambaye hajasafiri popote lakini ana ushauri kuhusu kila nchi, aliitisha kikao cha familia.

"Kijana hana shida, anarudi kwao," alisema. "Wa kuangaliwa ni mke. Yule akichoka, atambeba mumewe na watoto, na hatutawaona tena. Kwa hiyo mke asichoke."

Mama alikuwa amemzika mumewe bila mwanawe wa pekee wa kiume kuwepo, na hakuwa na ombi lingine kwa Mungu ila kijana abaki. Basi "mke asichoke" ikawa sheria ya nyumba. Chumba kilipakwa rangi upya. Kilijengwa choo cha kukaa. Mama alitoa kitanda chake, akahamia kwenye godoro chumbani kwangu. Majirani waliombwa wasije bila taarifa, na mama mwenye duka la kona, baada ya kubembelezwa sana, alikubali kumpeleka jogoo wake kwa dada yake ili Wifi asiamshwe alfajiri.

Wifi hakuchoka. Alikuwa amekulia katika nyumba yenye watu wengi na makelele mengi, na kilichomchosha kule kwao ukubwani ni ukimya.

"Kule jirani yangu nilimjua kwa viatu vyake tu, vile anavyoacha nje ya mlango," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Hapa namjua jirani mpaka ugomvi wake. Wifi, hivi hapa hamna jogoo?"

Kiswahili chake kilikuwa na viraka, lakini alikivaa bila haya. Haukupita muda akawa anaamua ugomvi bombani, na mama mwenye duka akaacha kumwita mgeni, akawa anamwita "wifi wa mtaa mzima." Watoto nao walirudi shuleni na vumbi hadi masikioni, wakataniana kwa maneno ambayo hatukujua nani kawafundisha. Jogoo akarudishwa.

Jina la mgeni halikupotea. Lilihamia kwa Kaka.

Fundi bomba akisema "nakuja sasa hivi," Kaka alikaa kumsubiri. Alikaa hasa, kwenye kiti, viatu mguuni, kutwa nzima. Wifi akirudi sokoni anamkuta pale pale.

"Bado unamsubiri?"

"Alisema anakuja."

"Amesema anakuja, mume wangu. Kwani alisema leo?"

Akialikwa mahali saa nane, alifika saa nane, akamkuta mwenye nyumba yuko bafuni. Watu wakimpitia jioni walimchungulia kwanza mkewe jikoni: "Mgeni leo anaongea?" Naye Wifi, akikoroga chungu, anawajibu, "Leo kidogo. Jaribuni."

Na kila alipoingia ndani, alitazama sakafu.

"Shemeji, huyo anakagua," Baba Mdogo alimwambia Mama. "Macho yake yamezoea marumaru. Anaona aibu kusema."

Kuanzia hapo Mama akawa anapiga deki asubuhi, akarudia mchana, na akisikia geti linalia anachukua tena tambara, anapiga magoti. Wifi alijaribu kumnyang'anya ndoo mara kadhaa bila kufanikiwa. Kaka, akimkuta mama yake amepiga magoti, alimruka kwa adabu na kuniuliza pembeni, "Mama alikuwa anapenda usafi hivi tangu zamani?"

Huko alikokuwa, kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Alirudi katika mji ambao lifti zake unaweza kuzitaja zote bila kuvuta pumzi. Hata hivyo alipata kazi katika hospitali kubwa, ambayo lifti yake ilikuwa imekufa zamani sana hata wafagizi wakaifanya stoo ya ndoo na mafagio. Wagonjwa walipandishwa ngazi kwa machela, huku wabebaji wakibishana nani ashike upande wa miguu. Kaka aliitoa mafagio, akaifungua, akaitafutia vipuri kwa barua, simu na kusihi. Katika miezi hiyo alikuwa karibu kuwa mwenyeji. Alirudi na grisi mikononi, akasimulia akila, akacheka. Mama alianza kurudisha vitu vyake kimoja kimoja kwenye chumba alichowapisha, kama mtu anayeamini lakini hataki kuonekana.

Siku lifti ilipoanza kupanda nilikwenda kuiona. Akabonyeza, milango ikafunguka, akatazama chini.

"Huwa unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Chumba."

"Chumba gani?"

"Cha lifti. Mlango unaweza kufunguka na chumba kisiwepo. Mwenzangu mmoja kule aliingia huku anageuka kunijibu kitu. Akaingia shimoni." Alifuta kidole chake kwa kitambaa. "Tangu siku ile macho yanatangulia. Panda, ipo."

Nilimweleza Mama jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Amekutuma unipoze. Sakafu ya nyumbani ina shimo gani?" Akakamua tambara.

Haikupita muda, Kaka alifika kazini akakuta lifti imepigwa kufuli. Akamfuata msimamizi.

"Imeharibika?"

"Hapana, Fundi. Iko safi kabisa, ndiyo maana tumeifunga."

"Na wagonjwa?"

"Hao ndio watakaoiharibu. Wanabonyeza bonyeza. Wakija wageni wa heshima tutaifungua."

"Na machela?"

"Ngazi zipo, tumezizoea." Kisha akampa mkono, akampongeza kwa kazi nzuri.

Kaka hakugomba. Alirudi nyumbani mapema, akatazama sakafu, akaingia, akamwambia mkewe mbele yetu kwamba kampuni yake ya zamani bado inamtaka.

Baba Mdogo akaitisha kikao cha pili. "Niliwaambia," alianza, "kwamba huyu mwanamke atakuja kumchukua."

"Mimi siendi popote, Baba Mdogo," Wifi akasema. "Watoto wako shule. Mboga zangu ndiyo kwanza zimeota. Yeye aende afanye kazi. Akichoka atarudi, sisi tuko hapa."

Baba Mdogo alitafuta la kusema kuhusu nchi fulani, akalikosa. Mama akamgeukia Kaka.

"Ni sakafu, mwanangu?"

"Sakafu gani, Mama?"

Mama akainuka, akaenda kuangalia maji jikoni, ambayo hakuwa ameyabandika.

Siku ya safari Mama alikataa kwenda uwanja wa ndege, na Wifi akabaki naye ili asikae peke yake. Kwa hiyo tulioongozana ni mimi na Kaka. Njiani nikamweleza yote: ukaguzi wa Baba Mdogo, tambara, magoti. Aligeuzia uso dirishani mpaka tulipofika.

Milango ya pale ni ya vioo, inajifungua yenyewe. Ikajifungua. Kaka akasimama, akatazama chini, na watu waliokuwa nyuma yake na mizigo wakaanza kuguna. Hakuwajali. Alinigeukia huku mguu mmoja uko ndani.

"Mwambie Mama aache kupiga deki," akasema. "Nilikuwa nahakikisha tu kwamba nyumba ipo."