Draiva ya Mashine ya Masweta

Mtu akikwambia kuandika draiva ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza vitufe, mzabe kofi, halafu niite nije nimzabe la pili. Mimi ilinikondesha. Nilianza nina mashavu, nikamaliza sketi zinanivuka kiunoni.

Mama yangu anafuma masweta ya shule Iringa mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Ndiyo kazi iliyonisomesha. Huku kwetu mtoto haendi shule bila sweta, na wale wa milima ya Kilolo ndio usiseme, baridi ya Julai kule inauma mpaka kwenye meno. Zamani alikuwa na mashine ya mkono. Kuna kigari unakivuta juu ya safu ya sindano, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila kikipita mstari mmoja wa sweta umetoka. Jina la shule kifuani alilitoa kwa vidole: anachagua sindano, hii ya uzi mweupe, hii ya kijani, anavuta, anachagua tena. Wala hatazami. Anaongea na wateja, anaimba sauti yake ya kwaya, na vidole vinatembea vyenyewe.

Mwaka juzi vidole vikaanza kufa ganzi. Asubuhi za baridi vilikuwa havisikii sindano kabisa. Majina ya shule yakaanza kutoka yamepinda, wazazi wakaanza kurudisha masweta. Kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Mbalizi na anajiona ndiye baba wa familia, akatoa hukumu: "Mama, imetosha. Funga hicho chumba. Krismasi uje ukae na wajukuu." Mama akajibu kwamba vidole vyake havina shida yoyote, shida ni sindano za siku hizi. Lakini mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba akienda Mbalizi Krismasi ile ndiyo basi, hana chumba tena wala kazi. Na mama bila kazi simfahamu. Sijawahi kumwona.

Basi bila kuuliza mtu, akaenda kununua mashine nyingine ya mtumba, ya umeme: kigari bado unakivuta kwa mkono, lakini sindano inachagua yenyewe. Ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa kwenye sehemu inayohifadhi michoro. Hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi. Akanipigia simu Mbeya, ambako natengeneza kompyuta za watu. "Wewe si ulisomea haya mambo?" Na mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Hiyo kazi ndogo, mama. Nitaiunganisha na kompyuta, nitaiandikia draiva."

Kazi ndogo! Draiva ni programu inayokaa kati ya kompyuta na kifaa ili vielewane, na nilikuwa sijawahi kuandika hata moja. Programu ya kawaida ukikosea inajifunga, unaifungua tena, maisha yanaendelea. Draiva inakaa ndani kabisa, kwenye moyo wa mfumo. Ukikosea kidogo kompyuta nzima inaganda, na ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda na maji. Wiki za kwanza nilikuwa nawasha na kuzima, nawasha na kuzima. Bosi wangu akawa ananitania kwamba ameajiri kidole kimoja tu cha kubonyezea swichi.

Mashine yenyewe inafanya kazi hivi. Kigari kikipita juu ya kila sindano, mashine inapiga hodi kwenye kompyuta, na draiva inatakiwa kuitikia hapo hapo: nyeupe, au kijani. Ikichelewa, kigari kimeshapita. Sindano inayofuata inapewa jibu la mwenzake, na jina la shule linaanza kusafiri kuelekea kwapani.

Septemba nikapanda basi kwenda Iringa na kompyuta mapajani. Nikaunganisha waya, nikavuta kigari mwenyewe, pole pole, mstari kwa mstari. Jina likatoka safi, herufi zimesimama. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mama akaniinua kwenye kiti, akakaa, akavuta. Wee! Mama akivuta, kile kigari kinalia, kimekwenda na kimerudi hujapepesa jicho. Herufi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakatika katikati. Ya tatu sijui hata ilikuwa nini.

"Vuta pole pole, mama."

"Pole pole namna gani?"

"Kama mimi."

"Kama wewe?" Aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nikivuta kama wewe, hao watoto watayavaa wakimaliza chuo."

Akafumua kipande chote, akakunja uzi wake, akaenda kupika.

Nikarudi Mbeya na hasira zangu zote za Kihehe. Lile kosa lilikuwa na roho mbaya. Mashine ni nzito, nisingeweza kuibeba, kwa hiyo nilijitengenezea kifaa kidogo cha kupiga hodi badala yake. Kila nikikijaribu, majibu yote sawa, hakuna kilichokatika. Lakini mkono wa binadamu hauendi sawasawa. Mama katikati ya safu anakimbia, pembeni anavuta pumzi, halafu anakimbia tena, na kifaa changu hakikujua mambo hayo. Safari zilizofuata za Iringa nikaweka ndani ya draiva ujumbe wa kunieleza imefika wapi mama akivuta: hodi imeingia, jibu limetoka. Kumbe kuandika ule ujumbe kwenyewe kunachukua muda, kwa hiyo draiva ikazidi kuchelewa na herufi zikazidi kukatika. Nikiuondoa, zinapungua kukatika lakini sioni kitu. Ukitazama, unaharibu. Usipotazama, hujui kitu. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kazini mbele ya mteja aliyeleta printa, akadhani printa yake ndiyo imekufa, akaanza kunibembeleza.

Nikauliza mtandaoni. Mmoja akasema ninunue mashine mpya. Mwingine akaniambia nisome mwongozo. Mwongozo gani, jamani? Mashine yenyewe imenizidi umri.

Oktoba nikaenda tena Iringa. Novemba nikaenda tena. Kila safari mama anavuta, herufi zinakatika, ananiangalia, namwangalia. Ile ya Novemba uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia shida ni mkono wake, hautulii, una fujo, hakuna kompyuta duniani ya kuuvumilia. Mama akasimama.

"Sema mashine yako," akasema. "Sema na kompyuta yako. Mkono wangu usiuseme."

Siku hiyo hata chai sikupewa. Jioni kaka akapiga simu, anataka kujua kama aanze kutafuta gari la kubebea vitu vya mama. Nikamkatia.

Nikaiandika upya yote. Safari hii hodi ikiingia, draiva ijibu tu na kurudi mlangoni kusubiri nyingine. Mengine yote, kuhesabu mistari, kuandaa mstari unaofuata, yafanyike kando. Mvua zikaanza nikiwa bado nayo. Nilikuwa naota sindano. Nilikuwa nawajibu watu ovyo, nimemnunia bosi, nimewanunia wapangaji wenzangu, nimeinunia hata redio. Nilipoipakia kwenye basi mwezi wa Desemba sikuwa na imani nayo hata chembe.

Mama alinipokea kama hatujagombana. "Kamwene," akasema, nikaitika, akanipa chai. Kisha akakaa kwenye mashine, akapuliza vidole, akavuta.

Herufi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Nikashika mdomo. Ya tatu, ya nne, jina zima la shule likapanda mbele ya macho yangu, jeupe kwenye kijani, hakuna hata uzi uliokosea njia. Akafuma kifua cha pili. Safi. Nikampigia kaka pale pale, nikamwekea mama simu sikioni. Nilipoichukua tena, kaka akasema sawa, abaki, asije akasema anafukuzwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama akachukua kile kipande, akatoka nacho kumwonyesha jirani yake muuza vitunguu, nikawa nasikia anavyojisifu kwa Kihehe huko nje.

Nikabaki na mashine. Furaha ilikuwa imenipanda kichwani, nikakaa kwenye kiti, nikavuta mimi, kwa fujo, kama mama anavyovuta.

Herufi ya pili ikakatika.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikavuta tena. Ikakatika pale pale, kosa lile lile la Septemba, halijaguswa. Nikavuta pole pole, safi. Nikavuta haraka, imekatika. Nikatoa mikono kwenye kigari nikaiweka mapajani. Kazi yangu yote ya miezi ile haikuwa imeponya kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba safari hii, mama alipokuwa anavuta, kigari hakikulia. Kilikuwa kinakwenda, kinasimama pembeni, kinarudi. Mimi nilikuwa natazama herufi, nimekodolea macho herufi, sikuutazama mkono.

Mama akaingia, akaona herufi zilizokatika.

"Umeharibu nini tena?"

"Nimevuta haraka mno, mama."

Akacheka. Alifurahi kweli. "Hii haitaki kukimbizwa. Si nilikwambia shida haikuwa mkono wangu? Toka hapo nikuonyeshe inavyovutwa."

Nikatoka kwenye kiti. Akakaa, akashika kigari kwa mikono miwili, akaanza kuvuta, pole pole, kama vile ndivyo alivyovuta maisha yake yote. Nilisimama nyuma yake nikiomba kwa moyo wangu wote mkono wake ukimbie kama zamani, herufi zikatike. Hazikukatika.